Kamera haikai safu ya nyuma

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina miaka 19, naigiza jukwaani na kikundi chetu hapa Bagamoyo. Nimesoma kwamba Émilie Dequenne wa Ubelgiji alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, akiwa na miaka 17, tena kwa filamu yake ya kwanza. Ilikuwa bahati tu? Mimi kila nikituma klipu ya usaili naambiwa "unaigiza mno". Nakosea wapi?
Msomaji, Dunda

JIBU: Marahaba, binti. Bahati ilikuwepo, ila haikufanya kazi peke yake. Filamu hiyo ni Rosetta ya 1999, ya waongozaji ndugu wawili Jean-Pierre na Luc Dardenne, waliopiga picha Seraing, mji wa viwanda vya chuma karibu na Liège. Ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, na Dequenne akagawana tuzo yake na Séverine Caneele, naye akiwa mgeni wa kamera kama yeye. Kabla ya hapo Dequenne alikuwa na michezo ya jukwaani tu, kama wewe.

Kinachokuhusu zaidi ni namna akina Dardenne wanavyofanya kazi. Waigizaji hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, palepale patakapopigwa, wakiwa wamevaa mavazi ya wahusika. Tukio hurudiwa mara nyingi. Rosetta anabeba gunia la unga, anavua samaki kwa mtego wa chupa, anaburuta mtungi wa gesi, na kamera imemganda mgongoni. Mwenye kazi mikononi hapati nafasi ya kujionyesha.

Ndipo lilipo kosa lako. Jukwaani sauti na nyusi lazima vimfikie aliyekaa safu ya nyuma. Simu iko meta moja na nusu tu kutoka kwako. Chukua mbuzi na nazi, ukune huku ukisema maneno ya mhusika. Mara za mwanzo utaona mkono unasimama kila unapoanza kusema. Hiyo ndiyo dalili ya "kuigiza mno". Rudia hata mara ishirini, mpaka mkono usikungoje. Hapo ndipo urekodi.

Simu ilaze kwa upana, iwe usawa wa macho, ikuchukue kuanzia kifuani. Elekea dirishani. Dirisha likiwa nyuma yako, simu itatia giza usoni. Zima feni. Anayekujibu akae ubavuni mwa simu na aseme kwa sauti ya chini kuliko wewe, maana yeye yuko karibu zaidi na maikrofoni na sauti yake itaimeza yako. Mtazame yeye, usitazame lenzi. Dakika moja hadi mbili zinatosha. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida itabanwa na uso utavurugika.

Pwani tunakushauri uiache kwanza. Upepo huharibu sauti, na maji yakijaa leo saa nne, kesho yatajaa karibu dakika 50 baadaye, kwa hiyo vipande vya siku mbili vilivyopigwa saa ileile havitaoana.

Baada ya Rosetta, Dequenne hakung'ang'ania wahusika wa aina moja. Mwaka 2001 alikuwa kwenye Le Pacte des loups, filamu kubwa ya mavazi ya kale. Mwaka 2012 À perdre la raison ya mwongozaji Joachim Lafosse ilimpa tuzo nyingine Cannes, katika kitengo cha Un Certain Regard, na mwaka 2021 akapata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji msaidizi. Saratani ilimchukua tarehe 16 Machi 2025, akiwa na miaka 43 tu, na pengo lake sisi tunalisikia.

Ukiipata hiyo ya 2012, tafuta tukio akiwa peke yake ndani ya gari, anafuatisha wimbo hadi analia. Litazame mara ya pili sauti ukiwa umeizima, uone uso unaanza kubadilika wapi kabla ya chozi la kwanza.