Ukirekodi nyimbo ambazo kila mtu anazijua

Tangu albamu yangu ya nyimbo maarufu itoke, nimepokea ujumbe mwingi, lakini uliofanya niandike ni wa kijana mmoja wa mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi: "Yaya, mimi pia ni mpiga kinanda. Nianze na nyimbo zangu au na za wengine?" Mdogo wangu, anza na za wengine, na usikubali mtu akuambie kwamba hiyo ni njia ya wavivu. Mimi niliambiwa. Mwenye ukumbi mmoja hapa mjini alisikiliza nusu ya wimbo, kisha akasema kwamba huo ni muziki wa kulia chakula hotelini. Albamu ilipotoka nilimpelekea nakala, nikaiandika jina lake kwa herufi kubwa.

Hoteli haikuwahi kumdhuru Ahmad Jamal, mpiga kinanda wa jazi wa Marekani. Mnamo Januari 1958, akiwa na Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye ngoma, alirekodi albamu yake At the Pershing katika sebule ya hoteli mjini Chicago, wateja wakiwa wamekaa mezani. Hakuna hata wimbo mmoja humo alioutunga yeye, na bado albamu hiyo ilikaa kwenye orodha ya mauzo ya Marekani kwa zaidi ya wiki 100. Isikilize utambue ni mara ngapi anaondoa mikono kwenye kinanda na kuiachia besi nafasi. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu msikilizaji tayari anao wimbo kichwani, naye huujazia mwenyewe pale mpigaji anaponyamaza. Wimbo wako mpya, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, hauwezi kukupa nafasi hiyo, kwa kuwa ukinyamaza watu watadhani umesahau.

Kwa hiyo piga kidogo. Nililijua hilo vizuri zaidi nilipokuwa nikiandaa Masanga, wimbo wa mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliurekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Kwenye gitaa, kidole gumba kinashikilia besi huku cha shahada kikipiga mahadhi juu yake, na kila sauti inakufa upesi. Kwenye kinanda mguu unavutwa na pedali inayorefusha sauti, na ukiikanyaga tu, sauti zile fupi zinachanganyika na wimbo unapoteza mwendo wake. Niliondoa mguu kabisa, nikaupa mkono wa kushoto kazi ya kidole gumba, na mkono wa kulia nikaukataza kupiga akodi nzima, yaani sauti kadhaa kwa pamoja. Mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo alipousikia alianza kuimba kabla sijamaliza utangulizi, na kwangu sifa hiyo inatosha.

Jifunze pia maneno ya wimbo, hata kama albamu yako haina mwimbaji. Asiyejua mstari unaishia wapi atapumua mahali pasipofaa, na wasikilizaji, ambao wameuimba tangu utotoni, watalihisi hilo hata wasipoweza kulieleza.

Kuhusu studio nitasema machache: usilipie saa hata moja kabla nyimbo hazijakaa mikononi. Bill Evans, mpiga kinanda mwingine wa Marekani, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma, alirekodi albamu ya Portrait in Jazz kwa siku moja tu, Desemba 1959. Vijana wetu huingia studio na wimbo walioanza kuujifunza juzi, wakitegemea fundi wa mitambo awanyooshee makosa, kisha wanalalamika kwamba jazi haiuziki hapa Katanga. Fanyeni mazoezi! Tafuta mpiga besi na mpiga ngoma, ukae nao muda mrefu, hata kama kuna mwingine mwenye jina kubwa zaidi anayekubali kuja siku ya kurekodi tu.

Tena heshimu wenye nyimbo. Kabla ya kurekodi, tafuta mtunzi, au familia yake ikiwa amefariki, mkubaliane kwa maandishi kuhusu malipo, na jina lake uliandike kwenye jalada mahali linapoonekana. Kuna wapigaji hapa mjini waliojaza albamu nzima kwa nyimbo za wazee wetu na kuandika tu kwamba ni "za zamani", ilhali wajukuu wa watunzi hao wanaishi mitaa miwili kutoka studio yenyewe.