Karatasi ya mbegu: jinsi ya kutengeneza kadi itakayoota kweli

Kadi nyingi za karatasi ya mbegu, yaani karatasi yenye mbegu hai ndani yake, zikipandwa hazioti kitu. Mara nyingi mbegu ilishakufa siku ile ile karatasi ilipotengenezwa, ikabaki kadi nzuri yenye vidoti vyeusi. Mbegu ikilowa huanza kuamka. Ukiikausha kabla kimzizi hakijachomoza, hurudi kulala na itaota baadaye. Ukichelewa, kimzizi kikatoka na kukaukia ndani ya karatasi, hapo hakuna tena mbegu. Kwa hiyo kazi yote hii, hata uchaguzi wa mbegu na unene wa karatasi, inafuata swali moja: itakauka kwa haraka kiasi gani?

Tuanze na mbegu. Mchicha unazishinda nyingine zote. Mbegu yake ni ndogo, haifiki milimita 1.5, ni ngumu kiasi cha kuvumilia kubanwa, haina makuu ya udongo, na anayepewa kadi anaishia na mboga mezani. Sukuma wiki nayo inafaa, ila mbegu yake ni kubwa kidogo na inahitaji karatasi nene zaidi. Giligilani na bamia ziache: zinatoboa karatasi na kudondoka wakati wa kuandika. Mrehani unapendwa sana Pwani, lakini mbegu yake ikigusa maji hujivika utelezi ndani ya dakika chache. Utelezi huo unashika maji, na karatasi inachelewa kukauka. Mbegu za saladi huota vibaya joto likizidi nyuzi 30, kwa hiyo si za kumpelekea mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Na ukinunua kwenye duka la pembejeo, kataa mbegu zilizopakwa dawa ya rangi, kwani dawa hiyo itaingia kwenye maji unayochovya mikono.

Karatasi iwe ya ofisini, ile nyeupe ya kawaida, iliyotumika pande zote mbili. Toa pini za stepla. Gazeti lina nyuzi fupi na dhaifu, linatoa kadi ya kijivu inayomeguka. Karatasi za kung'aa za majarida na risiti za mashine usizitie kabisa.

Hesabu ni rahisi: A4 moja ya kawaida ina uzito wa gramu 5, na kadi moja ya ukubwa wa A5 itakula A4 mbili, moja kwa kila tabaka. Chana vipande vya sentimita 2 au 3, loweka usiku kucha, kisha saga kwenye blenda: A4 tatu kwa lita moja ya maji, sekunde 30 hadi 40, ukikatiza katikati ili mota isichemke. Ukisaga kidogo mno unapata mabonge, na ukisaga mno nyuzi zinakatika na kadi inakuwa kama biskuti. Mbegu zisiingie kwenye blenda hata kidogo, visu vitazipasua.

Fremu ni mbao nne nyembamba zilizowambwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, ukivutwa vizuri usilegee. Izamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 10, mimina rojo ya A4 moja ndani ya fremu, tikisa kidogo isambae, kisha inua fremu ikiwa sawa na uache ichuruzike. Igeuze juu ya kitambaa cha pamba na ubonyeze mgongo wa wavu kwa sponji mpaka karatasi iachie. Sasa ndipo unanyunyiza mbegu, 30 hadi 40 kwa kadi. Ukichota kijiko kizima cha mchicha utakuwa umemwaga maelfu, na miche itasongana mpaka ife. Tengeneza tabaka la pili, lilaze juu ya la kwanza, na ubonyeze tena kwa sponji. Mbegu zikikaa katikati hazidondoki, na uso wa kadi unabaki laini kwa kalamu.

Funika kwa kitambaa kikavu, weka ubao na uzito wa kilo 5 hivi kwa robo saa, kisha ondoa. Watu huacha vitabu juu yake usiku kucha ili kadi inyooke, na humo ndimo mbegu zinamootea, maana pana unyevu na joto. Badilisha kitambaa, tandaza kadi juu ya wavu uliowambwa ili hewa ipite chini na juu, kivulini penye upepo au mbele ya feni. Jua kali, oveni na pasi haviruhusiwi, kwani mbegu iliyolowa haivumilii joto kama mbegu kavu. Anza asubuhi ili jioni kadi iwe imekaribia kukauka. Ikipita saa 24 bado mbichi, usiitegemee. Wakati wa masika Pwani unyevu wa hewa ni mwingi mno, afadhali kazi hii ifanyike kipupwe. Kujua kama imekauka, iguse shavuni: ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani. Kunyoosha kwa vitabu kunafanywa sasa, baada ya kukauka.

Maandishi yawe ya kalamu, penseli au muhuri. Printa ya leza inachoma kwa joto kali na roli zake zinasaga mbegu.

Kabla ya kugawa kadi za harusi mia mbili, zijaribu. Kata kipande chenye mbegu 10, kiloweshe, kikunje ndani ya tishu yenye unyevu, funika kwa sahani. Baada ya siku 5 hadi 7, zikiota 6 au zaidi, kundi hilo ni zima. Hifadhi pakavu penye giza na uzitumie ndani ya miezi michache. Ndiyo maana hatushauri daftari la karatasi ya mbegu: daftari hukaa miaka, mbegu hazikai. Teknolojia hii ni ya mwaliko, kadi ya shukrani na lebo ya zawadi.

Nyuma ya kadi andika maelekezo, kwa kuwa wengi huitupa juu ya udongo mkavu wakangoja. Iloweke saa chache, ichane vipande, ilaze kwenye kopo lenye udongo laini lililotobolewa chini, funika kwa udongo wa milimita 3 hadi 5 tu, na usiuache ukauke kwa siku 10. Kopo ni bora kuliko bustani kwa sababu mchwa wanapenda karatasi na sisimizi wanabeba mbegu za mchicha.

Kadi za ndugu walioko ng'ambo zitengeneze bila mbegu. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu zinazotoka nje ya umoja huo, na Marekani nayo ina masharti yake. Cheti hicho kinatolewa na mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, na kwa bahasha moja ya mwaliko ni usumbufu usio na sababu.