Kwa mnaoanza ngumi Dar: mjueni na Ali wa nje ya ulingo

Wadogo zangu, kila anayeingia gym zetu, iwe Manzese au Mwananyamala, tayari anamjua Muhammad Ali wa Kinshasa: Oktoba 30, 1974, George Foreman chini, raundi ya 8. Mnamwiga hadi kuegemea kamba, na hilo naomba mliache kwanza mpaka kiuno kikomae. Leo nawaeleza siku zake mbili ambazo hakuvaa glovu.

Ya kwanza ni Aprili 28, 1967, mjini Houston. Ali ana miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, hajapoteza pambano la kulipwa hata moja. Anaitwa apige hatua moja mbele, ishara kwamba amekubali kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Hakusogea. Dini yake, alisema, haimruhusu. Akavuliwa ubingwa, akanyimwa leseni, na Juni mahakama ikampa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Jela hakuingia kwa sababu alikata rufaa, lakini ulingoni hakurudi hadi Oktoba 1970.

Ukiwa kijana, miaka mitatu na nusu unaiona michache. Sisi tunaowashikia pedi tunajua kwamba ndiyo miaka ya miguu ya bondia. Aliporudi, miguu ile haikuwa ileile, na Machi 1971 Joe Frazier akamshinda kwa pointi baada ya raundi 15. Juni 28 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu yake, majaji 8 kwa 0. Umri wake hakuna jaji aliyeweza kumrudishia.

Na alikula nini kipindi hicho? Alizunguka vyuo vikuu akihutubia kwa malipo. Ndiyo maana nawasisitiza msiache bodaboda, ufundi wala genge la mama kwa sababu mmeshinda mapambano mawili. Mwenye ugali wake nyumbani ndiye anayeweza kumkatalia promota.

Siku ya pili ilikuwa hapa hapa Dar es Salaam, Februari 1980, na vijana wengi hawaijui. Rais Jimmy Carter alimtuma Ali azishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow kwa kuwa majeshi ya Urusi yameingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali: mwaka 1976 Afrika ilipoisusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, Marekani mbona haikutuunga mkono? Ali hakuwa ameambiwa habari hiyo, na alikiri hadharani kwamba huenda anatumiwa.

Mimi namheshimu kwa jibu hilo kama ninavyomheshimu kwa Houston. Houston alisimamia jambo lake mwenyewe, alilolijua hadi mizizi. Dar alibebeshwa jambo la wengine, na maswali ya waandishi wetu yalipomfikia hakujifanya anajua. Tanzania ilikwenda Moscow. Filbert Bayi, aliyekosa Montreal kwa msimamo wa nchi yake, akapata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000.

Ninyi pia mtabebeshwa. Ukianza kushinda, utapewa fulana ya mtu uivae siku ya kupima uzito, au maneno ya kusema mbele ya kamera. Uliza ni ya nani na yanamjenga nani. Utaletewa pia mpinzani aliyekuzidi kilo kadhaa, wiki moja kabla, kwa bahasha nono. Kataa siku hiyohiyo, usoni, kwa adabu. Kukataa baada ya kusaini na tiketi kuuzwa kutakuharibia jina, hata kama sababu yako ni ya kweli.

Kabla ya kusaini, hakikisha karatasi inataja uzito, idadi ya raundi, kiasi cha fedha na tarehe ya kulipwa, na nani anamgharamia daktari. Usisaini kwenye kiti cha gari la promota. Ilete gym jioni, kabla ya mazoezi, tuisome pamoja.