Nyanya Zinazonyauka Zikiwa Bado za Kijani

SWALI: Nyanya zangu hapa Sikonge, mkoani Tabora, nimeshazichuma mara tatu, lakini sasa zinanyauka ilhali majani ni ya kijani. Nipulize dawa gani?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue dawa kwanza. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu, huo ni mnyauko bakteria, ambao hauna dawa ya kupuliza. Inauma kung'oa mimea yenye matunda, lakini ing'oe pamoja na mizizi, uichome, wala usiitupe mtaroni. Na kwa kuwa tumbaku nayo hushambuliwa na ugonjwa huohuo, usiipande hapo baada ya nyanya; panda mahindi kwa misimu kadhaa.