Sharti la mazingira linaishi kwenye daftari la zamu: kwa mnaoanza kazi shirika la umeme

Kila kijana anayeajiriwa kitengo cha mazingira na usalama kwenye shirika la umeme huniuliza swali lile lile: nianze kusoma nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 lazima uisome, na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na ya Umeme ya 2008. Zisome wiki ya kwanza. Wiki ya pili katafute mtu anayekaa chumba cha udhibiti usiku, ukae naye zamu nzima.

Nimefanya kazi hii miaka 23. Masharti mengi niliyoyaona yakivunjwa hayakuvunjwa na watu wenye nia mbaya. Yalivunjwa na watu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba yapo.

Someni habari ya Kihansi, na msiisome kama habari ya chura peke yake. Mto Kihansi unashuka kutoka Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, na maji yanayokwenda kwenye mitambo yanaporomoka karibu mita 850. Kwa mhandisi huo ni utajiri: maji kidogo, umeme mwingi. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ina mitambo mitatu pale, kila mmoja megawati 60, ndani ya mwamba. Ujenzi ulikuwa umeshaanza wakati wataalamu walipomkuta, mwaka 1996, chura mdogo wa manjano asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani zilizolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika.

Mwaka 2001 vikafungwa vinyunyizio kwenye korongo ili kuiga yale manyunyu. Kwa muda vilifanya kazi vizuri sana. Katikati ya 2003 chura walikadiriwa kufikia karibu 20,000. Miezi michache baadaye wakawa hawaonekani. Sababu zilizotajwa ni kadhaa: ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi duniani, vinyunyizio kuharibika kiangazi cha mwaka ule, siafu kuingia kwenye eneo lililokauka, na mageti ya bwawa kufunguliwa kusukuma tope lililokuwa na mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya juu. Kuvu ndiyo inayotajwa zaidi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa na uamuzi wa mwaka 2000 wa kupeleka karibu 500 Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, kisha wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010 na korongoni mwaka 2012.

Sasa zirudieni zile sababu kwa macho ya mtu wa kazi. Kufungua geti kusukuma tope ni shughuli ya kawaida ya bwawa. Kwenye daftari la zamu ni mstari mmoja. Kinyunyizio chenye tundu dogo kinaziba kwa mchanga, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kushuka korongo lenye utelezi, akizibue, na kesho yake ashuke tena. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inaweza kuwa na kurasa mia tano, lakini uhai wa kiumbe kizima unaweza kuning'inia kwa fundi wa bomba: analipwa na nani, akiugua nani anashika nafasi yake, vipuri vikiisha anampigia nani simu. Haya ndiyo maswali yenu. Mkiyaacha kwa watu wa utumishi mtapata jibu la utumishi.

Hapo niwaambie kuhusu zabuni, kwa sababu hakuna anayewafundisha vijana jambo hili. Cheti cha mazingira kikitoka kina masharti: panda miti upya kwenye mkuza (ukanda wa ardhi unaopitiwa na njia ya umeme), usimwage mafuta, vibarua wapewe viatu na helmeti, choo kiwepo kambini, barabara ya vumbi imwagiwe maji. Mkandarasi anaelewa vizuri kitu kimoja, mchanganuo wa gharama. Sharti lisilo na mstari wake na bei yake pale halina mtu wa kulitekeleza, hata likiandikwa kwa wino mwekundu. Nimewahi kusimama kwenye mkuza nikigombana na msimamizi wa mkandarasi kuhusu vibarua waliovaa kandambili, naye akanifungulia mkataba kwa upole na kunionyesha kwamba viatu havikuwa na fungu. Alikuwa sahihi. Zabuni ile ilipita mezani kwangu na mimi niliisaini. Tangu siku hiyo sikusaini tena kabla ya kupitisha kidole sharti kwa sharti, fungu kwa fungu.

Kuna kosa langu jingine, na hili lilikuwa zito zaidi. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye kemikali za kundi la PCB. Kemikali hizo zinadumu miaka na miaka kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili, na zinahusishwa na saratani. Mkataba wa Stockholm unazitaka nchi wanachama ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025, na ziwe zimeshughulikia taka zake salama ifikapo 2028. Kikomo cha mafuta kuhesabika kuwa machafu ni miligramu 50 za PCB kwa kilo ya mafuta. Nilipewa kazi ya kuorodhesha transfoma zetu. Nikaenda na kalamu nikasoma vibao: mwaka wa kutengenezwa, aina ya mafuta, basi. Zilizotengenezwa miaka ya karibuni nikaziandika kuwa ni safi bila kuzipima.

Mzee mmoja wa karakana aliitazama orodha yangu kimya, kisha akaniita pembeni. "Mwanangu, hii mashine ya kuchuja mafuta tunayo moja. Imepita kwenye transfoma zote, kuukuu na mpya. Wewe umesoma kibao, mafuta hujayasoma." Maana yake mashine ile iliweza kubeba mabaki ya mafuta ya transfoma kuukuu hadi kwenye mpya. Kwa maneno hayo kazi yangu ya miezi minne ikarudi mwanzo. Tulipochukua sampuli upya, baadhi ya zile nilizoziita safi zilikutwa zimechafuka. Yule mzee hakuwa na cheo wala barua pepe ya ofisi, na katika kikao chochote cha mradi ule hakuna aliyekumbuka kumwita. Nikimfikiria hadi leo nasikia uchungu, kwa sababu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alichokijua kingeondoka naye.

Mafuta hayo hayo yanaibwa kwenye transfoma za mitaani. Wapo wanaowauzia wachomeleaji, na imeripotiwa mara nyingi, Tanzania na Kenya, kwamba mengine yanaishia kwenye vikaango vya chipsi. Kwa hiyo usijifungie ndani ya uzio wa kituo cha kupooza umeme. Nenda ukaongee na mwenyekiti wa mtaa, na mama lishe, kwa lugha ya nyumbani.

Kuhusu viongozi nitasema machache. Mkurugenzi wa shirika la umeme anaamka na simu ya waziri na analala na simu ya waziri, hasa miaka ya mgao kama 2006 na 2011. Bwawa la Mtera lina kina cha chini cha kuendeshea mitambo, mita 690 juu ya usawa wa bahari. Maji yakikaribia hapo, nchi nzima inatazama namba ile, na shauku ya kusema "tushuke kidogo tu" inakuwa kubwa. Usiende kwa mkubwa wako siku hiyo na kifungu cha sheria peke yake. Nenda miezi mitatu kabla, ukiwa na mwenendo wa kina cha maji wiki kwa wiki, na maneno ya mtu wa uzalishaji anayeweza kusema ni mtambo gani upumzishwe na ni wapi umeme mbadala utapatikana. Na hoja yako iandike. Mkubwa akiamua kinyume, iwe imekaa kwenye faili, kwa heshima, bila jazba. Mara mbili katika maisha yangu memo ya aina hiyo ilifunguliwa tena na mkurugenzi mpya, na mara zote mbili uamuzi ukabadilika.

Mkifika kituoni, ombeni nakala ya cheti na ya kibali cha kutumia maji, mtafute kiwango cha maji kinachopaswa kuachwa kwenye mto. Kisha ingieni chumba cha udhibiti na mumuulize aliye zamu: usiku wa leo unaacha kiasi gani? Akitaja namba bila kufungua faili, kaeni naye mnywe chai, ana mengi ya kuwafundisha. Akishangaa swali, toeni karatasi, andikeni namba ile kwa herufi kubwa, mwombeni ruhusa ya kuibandika juu ya meza yake, na mrudi kesho wakati wa zamu nyingine.