Maswali na majibu: "Anticipate" na maneno ya jirani

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu neno la Kiingereza "anticipate" na yale yanayotajwa kuwa visawe vyake. Nimeyaweka maswali yenu pamoja kwa sababu yanashikana.

Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu, kila penye "expect" watu sasa wanaandika "anticipate", eti ndiyo lugha ya ripoti. Maneno haya yana maana moja? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Kamusi za leo zinakubali "anticipate" kwa maana ya kutarajia, kwa hiyo wenzako hawajakosea. Wanalipunja neno tu. Asili yake ni Kilatini: *ante* ni kabla, *capere* ni kushika. Ni kulishika jambo kabla halijafika. "Expect" nalo ni la Kilatini, ila limetokana na kitenzi cha kutazama. Anayetazamia jambo bado yuko palepale alipo. Anaye-"anticipate" amekwisha kulifanyia kitu.

Chukua ripoti ya mitaro. "We expected heavy rain": tulitazamia mvua kubwa, basi. "We anticipated the rain and cleared the drains": tuliiwahi mvua, tukazibua mitaro. Naona kuwahi ndicho kitenzi chetu kinacholifaa zaidi neno hili, kuliko kutarajia.

Wapenzi wa mpira wanaijua tofauti hii vizuri. Beki anayesoma mchezo hatazami mpira peke yake. Anatazama kiungo anavyouweka mwili kabla ya kupiga, na mshambuliaji anavyoanza kuchomoka. Anaondoka aliposimama pasi ikiwa bado haijapigwa, na inapopigwa inamkuta keshafika. Hiyo ndiyo "anticipation". Shabiki jukwaani anaweza kuwa aliiona pasi ileile mapema, na akasema kwa sauti, lakini yeye alitarajia tu.

Walimu wa Kiingereza wa zamani walitoa mfano mkali zaidi: wachumba wanaosemwa "they anticipated marriage" si wale walioisubiri ndoa kwa hamu, ni wale walioanza mambo ya ndoa kabla ya kufunga ndoa. Kwa hiyo ukiwa unatarajia tu, andika "expect". Ripoti haipati uzito kwa neno refu, na siku mtakapokuwa kweli mmeliwahi jambo, mtakuwa na neno la kulisema.

Mwalimu, niliambiwa nimalizie barua ya kuomba kazi kwa "Thanking you in anticipation". Ni sahihi? Na baada ya "look forward to" inakuja "hear" au "hearing"? (Karani, Kisumu)

Kisarufi hakuna kosa. Tatizo ni adabu: unamshukuru mtu kwa jambo ambalo hajakubali kulifanya, na wapo wanaoisoma kama kubanwa. Mimi ningeiacha. Andika "I would be grateful for your reply", au hiyo ya pili uliyouliza.

Sahihi ni "I look forward to hearing from you". Hapa "to" ni kihusishi, haiandamani na kitenzi kama ile ya "I want to hear". Jipime kwa kuweka nomino: "I look forward to the meeting" inakubali, kwa hiyo kitenzi nacho lazima kichukue "-ing". Tena usiitumie kwa jambo baya. Huwezi ku-"look forward to" msiba, kwa kuwa furaha imo ndani ya maneno yenyewe.

Nasoma sheria mwaka wa kwanza. Kwenye mikataba tunafundishwa "anticipatory breach", kuvunja mkataba kabla ya siku ya kuutekeleza, na magazetini nasoma "anticipatory bail". Neno ni lilelile? (Mwanafunzi, Nairobi)

Ni lilelile, na wanasheria wamelitunza vizuri. Kesi utakayokutana nayo ni ya Uingereza, Hochster dhidi ya De La Tour, ya mwaka 1853. Hochster aliajiriwa amhudumie De La Tour katika safari ya Ulaya ya miezi 3, kuanzia tarehe 1 Juni 1852. Tarehe 11 Mei akaandikiwa kwamba hahitajiki tena. Tarehe 22 Mei akafungua kesi.

Upande wa pili ukadai amekurupuka: siku ya kazi haijafika, mkataba umevunjwaje? Tena wakasema alipaswa kukaa tayari mpaka tarehe 1 Juni. Jaji, Lord Campbell, hakukubali. Kumlazimisha mtu akae bure akingoja kazi aliyokwisha kunyimwa ni kumwumiza bila faida kwa yeyote. Ni afadhali awe huru kutafuta kazi nyingine na kudai fidia mara moja. Kwa hiyo uvunjaji ulitangulia siku ya utekelezaji, na haki ya kudai ikatangulia nao. Mimi naipenda hukumu hii, maana inamlinda mtu mnyonge zaidi kati ya hao wawili.

"Anticipatory bail", yaani dhamana ya mapema, nayo ni hivyohivyo. Huko kwenu Kenya, anayehofia kukamatwa kinyume cha haki huiomba Mahakama Kuu kabla hajakamatwa.

Kitabu cha visawe kimeweka "forestall" pamoja na "anticipate". Naweza kubadilishana? (Mfanyabiashara, Bukoba)

Pale tu unapowahi jambo ili kulizuia. "They forestalled the strike" ni kwamba waliuwahi mgomo, haukutokea.

Nimefurahi swali hili limetoka kwa mfanyabiashara, tena wa Kagera. Katika Uingereza ya zamani, "forestaller" alikuwa mtu anayewapokea wakulima njiani kabla hawajafika sokoni, anawanunulia mazao, kisha anakwenda kuyauza kwa bei ya juu. Lilikuwa kosa la jinai, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1844 tu. Wewe unaijua butura, kahawa ya mkulima inaponunuliwa ikiwa bado mtini kwa sababu ana shida ya fedha leo. Aliyewahi ndiye anayeondoka na faida, na mwenye shamba anavuna mali ya mwingine. Ndiyo maana "forestall" ina ukali ambao "anticipate" haina.

Programu ya tafsiri imenipa "anatarajia" kwa "she is expecting". Anatarajia nini? (Msomaji, Tanga)

Mtoto. Ni mjamzito. Kiingereza kinaposema hivyo bila kutaja kinachotarajiwa, andika mjamzito au ana mimba.

Ni "bated breath" au "baited breath"? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mombasa)

"Bated". Limekatwa kutoka "abated", yaani iliyopunguzwa: mtu anabana pumzi akingoja. "Bait" ni chambo cha kuvulia samaki, na hakihusiani hapa. Maneno haya yamo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kama *Mabepari wa Venisi*. Shylock, mkopesha fedha, anamwuliza mfanyabiashara Antonio kama anamtaka ainame na kunong'ona kitumwa mbele yake yeye aliyemtemea mate. Pale pumzi inabanwa kwa unyonge. Maana ya kungoja kwa hamu imekuja baadaye, na ndiyo utakayoulizwa kwenye mtihani.