Kiraka wa Triple-A ana nafasi gani Ligi Kuu?

Kaka, umeuliza kama mpwa wako aliyeko Triple-A (ligi iliyo ngazi moja chini ya Ligi Kuu), kiraka anayecheza besi ya pili, besi ya tatu na uwanja wa nje kushoto, ataingia Ligi Kuu ya besiboli Marekani msimu ujao. Piga hesabu ya viti kwanza. Kikosi ni watu 26, warushaji wasizidi 13, na timu karibu zote hujaza hao 13. Katika 13 waliobaki, toa tisa wanaoanza, toa na mdakaji wa akiba. Benchi limebaki na viti vitatu.

Sasa viraka hawalingani. Kocha humtafuta kwanza anayeweza kusimama shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) au uwanja wa nje wa katikati, kwa sababu wa kucheza kushoto hakosekani. Huyo kijana aombe mechi za shotistopu sasa hivi, akiwa bado huko chini.

Halafu muulize: yumo kwenye orodha ya watu 40, yaani wale ambao timu inaweza kuwachezesha Ligi Kuu? Kama hayumo na imejaa, lazima mtu atolewe ili aingie. Kama yumo na bado anaweza kurudishwa chini bila kutangazwa kwa timu nyingine, Machi, kabla ya msimu kuanza, watamrudisha na kumbakiza mwenzake asiyeweza kurudishwa hivyo, wasiyetaka kumpoteza. Inauma, lakini ndiyo biashara yao.

Na apige mpira! Ben Zobrist naye alikuwa kiraka, alizungushwa nafasi nyingi, ila alipochaguliwa mchezaji bora wa fainali za Ligi Kuu za 2016 ilikuwa kwa sababu ya kupiga hasa.

Kwa maoni yangu, siku ya ufunguzi ni ngumu. Majeruhi wakianza katikati ya msimu, simu yake iwe na chaji.